Uzi: Sudan Kusini na mipaka ya majimbo iliyochorwa juu ya maji

Ndugu wanajukwaa, habari za Sudan Kusini zinapotufikia huku kwetu, mara nyingi hufika zikiwa na majina mawili tu, Rais Salva Kiir na mpinzani wake Riek Machar, na makabila mawili tu, Wadinka na Wanuer. Nchi hiyo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016 na sehemu kubwa ya mizigo yake hupitia bandari ya Mombasa, lakini bado tunaizungumzia kana kwamba ni ugomvi wa nyumba mbili. Naanzisha uzi huu kueleza jambo ambalo naamini limechangia vita vyake kuliko tunavyodhani: jinsi majimbo yake yalivyochorwa, yakafutwa na kuchorwa upya, na kwa nini mstari unaopigwa ofisini Juba, mji mkuu, unaweza kumwaga damu kilomita mia kadhaa kutoka hapo.

Mimi nililijua jambo hili kupitia makaratasi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikifuatilia nyaraka za malori yanayotoka Mombasa, yakakatiza Uganda na kuingia Sudan Kusini kwa mpaka wa Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 hivi za lami. Mwaka 2014 stakabadhi tulizopewa katika kituo kimoja cha njiani zilikuwa na kichwa cha Jimbo la Equatoria Mashariki. Mwaka 2016 karatasi zilikuwa zile zile, ila kichwa kilikuwa kimekatwa kwa kalamu ya bluu na juu yake kuandikwa kwa mkono: Imatong. Mhuri ulikuwa mpya na wino wake ulichafua vidole. Mwaka 2020 Imatong ikafutwa, jina la zamani likarudi, na dereva wetu mmoja akazuiliwa siku mbili kwa sababu stakabadhi yake ilikuwa na mhuri wa jimbo ambalo halipo tena. Kwetu sisi hiyo ilikuwa hasara ya siku mbili. Kwa mkazi wa Malakal, mji ulio kaskazini mashariki mwa nchi, mabadiliko hayo hayo yalimaanisha kuamka asubuhi na kuambiwa kwamba mji aliozaliwa sasa ni wa watu wengine.

Tuanze na ardhi, kwa sababu bila kuielewa hatutafika popote. Sudan Kusini ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600,000, haina bahari, na imepakana na nchi sita: Sudan kaskazini, Ethiopia mashariki, Kenya na Uganda kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati upande wa magharibi. Kusini kabisa kuna milima ya Imatong, yenye kilele cha Kinyeti kinachofikia mita 3,187, na magharibi kuna nyanda za juu zenye misitu ambako Waazande hulima. Lakini moyo wa nchi ni tambarare, tena tambarare kiasi kwamba Nile Nyeupe ikishatoka Juba na kupita Bor hupoteza mkondo wake na kutapakaa. Hapo ndipo lilipo bwawa la Sudd, mojawapo ya maeneo oevu makubwa kuliko yote duniani. Wakati wa kiangazi Sudd huwa na ukubwa wa kilomita za mraba 30,000 hivi, na mvua zinapozidi linaweza kupanuka mara kadhaa ya hapo. Karibu nusu ya maji yanayoingia humo hupotea angani kama mvuke kabla mto haujafika Malakal.

Maisha ya Wadinka, Wanuer na sehemu ya Washilluk yamepangwa na kupanda na kushuka kwa maji hayo. Masika yakiingia, udongo mweusi hugeuka tope linalong'ang'ania miguu ya ng'ombe na magurudumu ya lori kwa namna moja, na watu hurudi kwenye vijiji vilivyo juu kidogo ya usawa wa maji, ambako hulima mtama. Kiangazi kikifika, takriban kuanzia Novemba, vijana huswaga mifugo kwenda kwenye toich, yaani nyasi mbichi zinazobaki kando ya mito maji yanapokupwa. Toich ndiyo uhai wa ng'ombe kwa miezi mitano au sita, na mara nyingi toich moja hutumiwa na koo nne au tano, kwa zamu na kwa makubaliano ya wazee: nani apite wapi, nani anywe kwanza, fidia ya ng'ombe wangapi italipwa iwapo mtu ataumizwa. Huo ni mpaka pia, lakini ni mpaka unaotembea. Naomba mlishike hilo, kwa sababu yote yanayofuata yanatokana nalo.

Sasa tuje kwenye utawala. Kwa kawaida nchi huelezwa kwa kanda tatu za kihistoria: Bahr el Ghazal kaskazini magharibi, Equatoria kusini, na Nile ya Juu kaskazini mashariki. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya maoni ambayo karibu asilimia 99 ya wapiga kura walichagua kujitenga, kanda hizo zilikuwa zimegawanywa katika majimbo 10. Chini ya jimbo kuna kaunti, chini ya kaunti kuna payam, na chini ya payam kuna boma, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Magavana walichaguliwa kwa kura mwaka 2010. Hata hivyo, Katiba ya Mpito ya 2011 ilimpa rais uwezo wa kumwondoa gavana aliyechaguliwa panapotokea hali ya hatari jimboni, kwa sharti kwamba uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60. Mwaka 2013 magavana wa Lakes na Unity waliondolewa kwa kifungu hicho, na uchaguzi ule wa siku 60 haukufanyika. Wengi huanza kuihesabu vita ya Kiir na Machar tarehe 15 Desemba 2013, risasi zilipolia Juba. Mimi naona nyufa zilianza kuonekana pale ambapo wananchi wa majimbo mawili waliambiwa kwamba kura yao haikuwa na uzito.

Ugomvi kuhusu kugawanya nchi ulikuwepo kabla ya Kiir na Machar. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulimaliza vita vya kwanza kati ya kusini na kaskazini mwa Sudan na kuipa Sudan ya Kusini serikali moja ya kanda yenye makao yake Juba. Watu wa Equatoria wakalalamika kwamba Wadinka wamejaza ofisi zote za serikali hiyo, na wakadai mgawanyo, waliouita kwa neno la Kibari, lugha ya Wabari wa Juba, kokora. Joseph Lagu, aliyekuwa ameongoza waasi katika vita vya kwanza, aliunga mkono. Abel Alier, Mdinka wa Bor aliyewahi kuiongoza serikali hiyo ya kanda, alipinga. Juni 1983 Rais Nimeiri wa Sudan aliivunja kanda hiyo na kuifanya tatu kwa amri yake, kinyume na mkataba ambao serikali yake mwenyewe iliusaini. Mwezi mmoja kabla ya hapo askari wa Bor walikuwa wameasi, na vita vya pili, vilivyodumu hadi 2005, vilikuwa vimekwisha kuanza. Hadi leo, ukilitaja neno kokora mbele ya mtu mzima wa Bor na mtu mzima wa Juba, utasikia historia mbili tofauti kabisa: mmoja atakumbuka kufukuzwa mjini, mwingine atakumbuka kupumua kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2015 historia hiyo ilijirudia kwa sura nyingine. Agosti mwaka huo pande mbili zilisaini mkataba wa amani uliogawa madaraka kwa msingi wa majimbo 10. Tarehe 2 Oktoba, wiki chache tu baada ya saini hizo, Rais Kiir akatangaza kwa amri kwamba nchi itakuwa na majimbo 28. Januari 2017 yakawa 32. Serikali ilieleza kwamba inawasogezea wananchi huduma na kutimiza kilio cha muda mrefu cha shirikisho, na sitaki kulibeza jambo hilo, kwa sababu wapo wananchi waliosherehekea kwa dhati. Mtu wa Kapoeta ambaye makao makuu ya jimbo lake yalikuwa Torit, au wa Maridi aliyelazimika kusafiri hadi Yambio, aliona kwa mara ya kwanza ofisi ya gavana karibu na kwao. Shida ilikuwa ni mahali mistari ilipopita.

Chukueni Malakal. Mji huo uko ukingo wa mashariki wa Nile Nyeupe, karibu na mahali Mto Sobat unapoingia. Washilluk, ambao mfalme wao, Reth, ana makao yake ng'ambo ya mto upande wa Kodok, wanauhesabu kuwa sehemu ya ardhi yao ya jadi pamoja na ukanda wa ukingo huo wa mashariki. Wadinka wa Padang nao wanadai ukingo huo huo. Kwa miongo kadhaa madai hayo yaliishi pamoja bila kuamuliwa, kwa sababu Malakal ilikuwa makao makuu ya Nile ya Juu nzima na kila mtu alikuwa na kazi, duka au shule pale. Amri ya 2015 iliukata mto: ng'ambo ya magharibi likawekwa jimbo la Washilluk, na Malakal ikaingizwa katika jimbo la mashariki ambamo Wadinka wa Padang ndio wengi. Mapema 2016 watumishi wa umma wenye asili ya Shilluk na Nuer waliondolewa kazini katika jimbo hilo jipya. Tarehe 17 na 18 Februari mapigano yalizuka ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa ya kulinda raia iliyo kando ya mji. Watu wasiopungua 25 waliuawa, na sehemu za kambi walimoishi Washilluk na Wanuer ziliteketea kwa moto. Watu hao walikuwa wamekimbilia kambini kutoka nyumba zilizokuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na sasa, kwa mujibu wa amri, nyumba hizo hazikuwa tena katika jimbo lao.

Mkataba wa pili, uliosainiwa Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018, uliunda vyombo vya kupendekeza idadi na mipaka ya majimbo, lakini wajumbe wao hawakukubaliana. Uundaji wa serikali ya pamoja uliahirishwa mara mbili mwaka 2019, na suala la majimbo lilikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa. Tarehe 15 Februari 2020 Rais Kiir alikubali kurudi kwenye majimbo 10, pamoja na maeneo matatu ya utawala, yaani Pibor, Ruweng na Abyei. Wiki moja baadaye Machar akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Fikirini: nchi ambayo vita vyake vinakadiriwa kusababisha vifo vya karibu watu 400,000 ilikaa miezi ikisubiri amani kwa sababu ya hesabu ya majimbo.

Nyongeza ya kwanza. Mdau mmoja ameuliza kwa nini yakabaki maeneo matatu, na kwa nini hasa hayo. Ni swali zuri. Pibor ni nyumbani kwa Wamurle, ambao kwa muda mrefu walikuwa chini ya jimbo la Jonglei lililotawaliwa kutoka Bor. David Yau Yau aliasi baada ya uchaguzi wa 2010, akaasi tena 2012, na makubaliano ya Mei 2014 yakawapa Wamurle eneo lao la utawala. Ruweng ni kaunti za Pariang na Abiemnom, za Wadinka waliokuwa ndani ya jimbo la Unity lenye Wanuer wengi; humo mna visima vya mafuta, na ndiyo sababu kila upande uliung'ang'ania mstari wake. Abyei ni kisa kirefu zaidi. Mwaka 1905 watawala wa kikoloni waliwahamishia Wadinka wa Ngok katika mkoa wa Kordofan, upande wa kaskazini. Kura yao ya maoni iliyoahidiwa kufanyika Januari 2011 haikufanyika, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wako huko tangu Juni mwaka huo. Kwa hiyo Abyei inadaiwa na nchi mbili kwa wakati mmoja, na Wamisseriya wa kaskazini hushuka na mifugo yao kila kiangazi kutafuta maji ya mto ambao Wangok huuita Kiir.

Nyongeza ya pili. Mwingine ameandika kwamba hayo yote ni ukabila tu, mipaka ni kisingizio. Ndugu yangu, ninakuheshimu, lakini naomba uitazame Abyei hiyo hiyo. Februari 2022 mamlaka za Abyei zilianza kupima viwanja katika eneo la soko la Aneet, kusini mwa Abyei, karibu na Kaunti ya Twic iliyo katika jimbo la Warrap. Watwic walisema ardhi ile ni yao. Wapima ardhi walipokwenda kuweka alama, mapigano yakaanza, na yakaendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Katika mashambulizi ya mwishoni mwa Januari 2024 pekee, zaidi ya watu 50 waliuawa, wakiwemo walinda amani. Wangok ni Wadinka. Watwic ni Wadinka. Walikuwa wameoana, na Wangok walipokimbia Abyei mwaka 2011 wengi wao walijihifadhi Agok, karibu na soko hilo hilo. Lugha ni moja na nyimbo za ng'ombe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sehemu iliyokuwa ya wote ilitakiwa iwe ya mmoja, kwa kigingi.

Nenda pia Tonj, katika Warrap, jimbo anakotoka Rais mwenyewe. Agosti 2020 zaidi ya watu 100 walikufa pale jeshi lilipojaribu kuwanyang'anya vijana silaha, na waliohusika kwa sehemu kubwa walikuwa Wadinka. Nenda Tambura, Equatoria Magharibi, ambako mwaka 2021 Waazande na Wabalanda, majirani wa vizazi vingi, waligeukiana na makumi ya maelfu wakayahama makazi. Katika jimbo la Unity, Wanuer wa Bul walipigana upande wa serikali dhidi ya Wanuer wenzao. Kabila lipo na lina nguvu, sikatai. Lakini kabila peke yake halielezi kwa nini damu imemwagika hapa na si pale, mwaka huu na si mwaka ule.

Nyongeza ya tatu, kuhusu mafuta, kwa kuwa wengi wameuliza. Mapato ya serikali hutegemea mafuta kwa zaidi ya asilimia 90. Visima viko Unity, Ruweng na Nile ya Juu, hasa Paloch, na mafuta yote husafiri kwa bomba kupita Sudan hadi bandari ya Port Sudan. Januari 2012 Juba ilifunga visima kwa ugomvi wa ada za kupitisha, na Februari 2024 bomba mojawapo lilipasuka ndani ya Sudan, vita vikiendelea huko, likazuia usafirishaji kwa muda mrefu. Sheria inataja asilimia mbili kwa jimbo linalozalisha na asilimia tatu kwa jamii zilizo karibu na visima. Sasa unaelewa kwa nini jimbo dogo lenye kisima ni mali, na kwa nini mstari ukisogea kidogo unaweza kubadilisha ni nani atakayepokea.

Yapo na maji yenyewe, ambayo hayasubiri amri ya mtu. Tangu 2019 mafuriko yamekuwa yakirudi mwaka baada ya mwaka. Bentiu, makao makuu ya Unity, ulizungukwa na maji mwaka 2021, na kilichozuia kambi ya wakimbizi wa ndani isizame ni tuta la udongo. Maji yalikaa hata kiangazi kilipokuja, toich zikabaki chini ya maji, na wafugaji wa Jonglei wakalazimika kuswaga ng'ombe hadi Equatoria, hadi kwenye mashamba ya mihogo na mtama ya watu wa Magwi na Mundri. Wakulima wanawaona kama wavamizi wenye bunduki. Wafugaji wanasema kwao hakuna nchi kavu. Amri za rais za kuwataka warudi zimetolewa zaidi ya mara moja. Wanarudi wapi?

Nyongeza ya mwisho, kuhusu hali ya sasa. Mwaka 2020 majimbo 10 yaligawanywa kati ya vyama: sita kwa upande wa Kiir, matatu kwa upande wa Machar, na moja, Jonglei, kwa muungano wa upinzani mwingine. Nile ya Juu ilikuwa fungu la Machar, lakini gavana aliyependekezwa, Johnson Olony, alikataliwa, na jimbo likakaa bila gavana hadi Januari 2021. Mapema 2025 magavana wa chama cha Machar katika Equatoria Magharibi na Nile ya Juu waliondolewa. Machi mwaka huo vijana wa Kinuer wanaojulikana kama Jeshi Jeupe waliiteka kambi ya jeshi ya Nasir, kwenye Mto Sobat. Tarehe 26 Machi Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba kesi yake ya uhaini na mauaji ikaanza kusikilizwa Juba.

Uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Kwa kuwa nilianza na karatasi, nitaishia kwenye karatasi. Uchaguzi unahitaji majimbo ya uchaguzi, majimbo ya uchaguzi yanahitaji idadi ya watu, na sensa ya mwisho ni ya 2008, iliyofanywa kabla nchi yenyewe haijazaliwa na ikahesabu watu milioni 8.26. Tangu wakati huo mamilioni wamehama. Mshilluk aliyezaliwa Malakal, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 10 kambini nje kidogo ya mji huo huo, ataandikishwa wapi? Akiandikwa Malakal, Padang watasema mji umechukuliwa. Akiandikwa ng'ambo ya mto, yeye mwenyewe atakuwa ametia saini amri ya 2015. Wanaofuatilia maandalizi hayo kwa karibu, naomba watueleze karani wa uandikishaji amepewa maelekezo gani kuhusu mtu huyo.